Sita au nane? Kisa cha injini za pikapu kubwa za Marekani

Wiki iliyopita kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alinipigia simu kutoka Houston, Texas. Saa za kule na za huku hazipatani, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshalala. Hakuwa na salamu ndefu. Kasema amekusanya vijisenti vyake, anataka kununua pikapu ya kuvutia trela la mashine zake za kukata majani (ndiyo kazi inayomlisha na kumsomeshea watoto), na amepata mbili, zote Ford F-150 zilizotumika, bei karibu sawa. Moja ina V8 ya lita 5.0. Nyingine ina V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili. Muuzaji anamshauri achukue V6. Yeye roho yake iko kwenye V8.

"Wewe si ndiye mwandishi," akaniambia. "Hebu chimba, mdogo wangu, halafu uniambie. Nikikosea hapa sina hela ya kukosea mara ya pili."

Basi nimechimba. Na nilivyozidi kuchimba nikagundua kuwa swali la kaka yangu si geni. Wamarekani wamekuwa wakiulizana swali hilo hilo kwa karibu miaka mia: silinda sita au nane?

Kabla sijaenda mbali, tukumbushane jambo moja. Hapa Tanzania neno V8 lina maana yake ya pekee. Ukimwambia mtu "fulani siku hizi anatembelea V8," hafikirii injini hata kidogo. Anafikiria mheshimiwa, viyoo vyeusi na vumbi mnaloachiwa barabarani. Kichekesho ni kwamba mashangingi mengi ya zamani, zile Land Cruiser VX za dizeli lita 4.2, yalikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. V8 ya dizeli ya lita 4.5 ilikuja na Land Cruiser 200 mwaka 2007. Na Land Cruiser 300 iliyotoka mwaka 2021 haina V8 kabisa, ni V6 yenye turbo mbili. Lakini nenda kaisikie inavyoitwa mtaani. Kwa hiyo kaka yangu, hata kama yuko Texas mwaka wa kumi na ngapi sijui, ugonjwa wake aliondoka nao hapa hapa.

Sasa turudi Marekani, maana kisa chenyewe ni cha kwao.

Mwaka 1929 Chevrolet walitoa injini ya silinda sita, wakatangaza kwamba wanauza sita kwa bei ya nne. Lilikuwa ni dongo la wazi kwa Henry Ford, ambaye Model A yake ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 40. Ya Chevrolet ilikuwa na 46. Mzee Ford alikuwa hazipendi injini za silinda sita. Aliwahi kuuza gari la silinda sita, Model K, mwanzoni mwa karne, halikumpa raha, akaliwekea kinyongo hadi uzeeni. Kwa hiyo badala ya kujibu sita kwa sita, akaruka moja kwa moja hadi nane.

V8 yenyewe haikuwa jambo jipya, lakini ilikuwa mali ya matajiri. Kilichokuwa kigumu ni kuitengeneza kwa bei rahisi, maana bloku lake lilikuwa likiundwa kwa vipande na kuunganishwa. Ford akataka liyeyushwe na kumiminwa kwenye kalibu moja, kipande kimoja. Mwanzoni mabloku mengi yaliharibika kiwandani, lakini hatimaye wakaweza, na mwaka 1932 ikatoka V8 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65, kwenye magari ya watu wa kawaida na kwenye pikapu pia. Fundi seremala na mkulima wakaanza kuendesha kitu ambacho miaka michache nyuma kilikuwa cha mwenye benki. Nadhani mapenzi ya Wamarekani kwa V8 yanaanzia hapo. Ilikuwa kama mtu wa chini kapewa kiti cha mbele.

Chevrolet nao waling'ang'ania sita yao miaka mingi. Ford wenyewe walikuja kukubali kutengeneza sita mwaka 1941, mzee akiwa bado hai. Baada ya vita, mwaka 1948, zilipotoka pikapu za F-1, ambazo ndizo bibi wa F-150 ya leo, mnunuzi alikuwa na chaguo mbili: sita yenye nguvu za farasi 95 au V8 yenye 100. Angalia hesabu hiyo vizuri. Tofauti ni farasi watano! Tena nguvu ya kuvuta zilikuwa karibu sawa. Ila sita ilikuwa rahisi kutengeneza, na V8 ile ilijulikana kwa tabia ya kuchemka. Na bado watu waliitaka V8.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko masikioni. Injini ya silinda sita za mstari ina mizani ya asili. Pistoni zikipanda na kushuka, mitikisiko yake inafutana yenyewe, kwa hiyo inaunguruma laini kama cherehani nzuri. V8 ya Kimarekani ina mistari miwili ya silinda nne nne, na milipuko ya kila mstari haifuatani kwa nafasi sawa. Miwili inakaribiana, mwingine unachelewa. Ile sauti ya gurugurugu inayokutetemesha kifua ndiko inakotoka. Kwa hiyo sauti ile tamu ni sauti ya mpangilio usiolingana. Mimi nilipolijua hilo nilicheka peke yangu.

Mwaka 1955 Chevrolet nao wakaingia kwenye V8. Injini yao ndogo ya lita 4.3, iliyosimamiwa na mhandisi Ed Cole, ilikuwa nyepesi na rahisi kutengeneza, na mwaka huo huo ikawekwa kwenye pikapu. Kuanzia hapo vita ikawa ya V8 kwa V8. Petroli ilikuwa bei ya maji, barabara kuu mpya zinajengwa, nani aulize mambo ya matumizi ya mafuta?

Kuna jambo jingine lililofanya pikapu hizi ziwe kama zilivyo. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje. Ulitokana na ugomvi wa biashara ya kuku kati yao na Wazungu wa Ulaya (si utani, unaitwa hadi leo ushuru wa kuku). Ugomvi wa kuku uliisha, ushuru ukabaki. Wajapani wakawa wanabanwa mlangoni, na makampuni ya Detroit yakabaki na uwanja wao wenyewe, yakazidi kuzinenepesha pikapu zao. Ndiyo maana sisi tuna Hilux na wao wana mapikapu yasiyoenea kwenye vichochoro vya Kariakoo.

Mwaka uliofuata, 1965, Ford walitoa injini ambayo mimi nimeipenda kuliko zote katika kisa hiki. Ni sita ya mstari, lita 4.9, Wamarekani wanaiita 300 kwa sababu ya ukubwa wake kwa inchi za ujazo. Haikuwa na mbwembwe yoyote. Ndani ilikuwa na beringi kubwa saba za kushikilia krenki, na badala ya cheni ya kuzungusha kemshafti waliweka gia. Haikupenda kukimbia lakini ilivuta. Waliiweka kwenye pikapu, kwenye magari ya kusambaza vifurushi ya UPS, hadi kwenye mashine ambazo hata magurudumu hazina.

Chukua takwimu za 1987, baada ya kuwekewa mfumo wa kompyuta wa kunyunyiza mafuta. Sita ile ilikuwa na nguvu za farasi 150 na nguvu ya kuvuta Newton-mita 353. V8 ya lita 5.0 iliyokuwa kando yake kwenye orodha ilikuwa na farasi 185 na Newton-mita 366. Lakini sita ilifikia kilele cha kuvuta kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika, na V8 kwenye 2,400. Kwa mtu mwenye mzigo anayeondoka kutoka kusimama, sita haikuwa na cha kuionea aibu V8. Wenye mashamba na wenye makampuni walijua, wakainunua. Vijana wakanunua V8. Sita hiyo ilidumu hadi 1996, miaka 31. Ikafa bila kilio kikubwa, nafasi yake ikachukuliwa na V6.

Nimeruka miaka ya sabini makusudi, maana pale ndipo siasa zilipoingia chini ya boneti. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilikata mafuta kwa Marekani. Foleni kwenye vituo vya petroli, bei juu. Mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kuyalazimisha makampuni kufikia wastani wa matumizi ya mafuta kwa magari yote wanayouza, malori madogo yakiwekewa kiwango chao peke yake, kilicho chepesi zaidi. Mwaka huo huo wa modeli wa 1975 ndipo jina F-150 lilipozaliwa. Na unajua kwa nini lilizaliwa? Sheria ya moshi ilikuwa inayabana magari yenye uzito, pamoja na mzigo, usiozidi ratili 6,000, yaani kama kilo 2,700. Ford wakatengeneza pikapu iliyozidi kidogo hapo. Ikakwepa kichujio cha moshi, ikaendelea kunywa petroli ya kawaida yenye risasi. Pikapu maarufu kuliko zote Marekani ilizaliwa kwa kuchungulia mwanya wa sheria! Tangu 1977 familia hiyo ya F inaongoza kwa mauzo ya malori kule.

General Motors wao walijaribu njia nyingine, na hapa ndipo palipo na onyo kwa kila anayenunua injini mpya kwa sababu ya karatasi. Mwaka 1978 walitoa dizeli V8 ya lita 5.7 iliyotengenezwa na tawi lao la Oldsmobile, wakaiweka na kwenye pikapu za Chevrolet. Farasi 120. Kwenye matumizi ya mafuta ilikuwa nzuri kweli. Ila waliijenga kwa kufuata vipimo vya injini ya petroli ili watumie mitambo ile ile ya kiwandani. Bloku walilitia nguvu, sawa, lakini boliti za kushikilia silinda hedi ziliachwa kwa idadi na mpangilio wa ile ya petroli, wakati dizeli inabana hewa zaidi ya mara mbili. Tena hawakuweka kifaa cha kutenga maji kwenye mafuta. Boliti zikalegea na kukatika, gasketi zikaungua, pampu zikashika kutu. Wateja wakaenda mahakamani. Mwaka 1985 injini hiyo ikazikwa, na kwa miaka mingi Mmarekani wa kawaida ukimtajia gari dogo la dizeli anakunja uso. Makosa ya boliti, watu wakahukumu dizeli nzima.

Miaka ya tisini mafuta yakawa rahisi tena, V8 zikarudi kutawala. Halafu ikaja 2008. Mwezi Julai petroli ilipita dola 4 kwa galoni, na mwaka uliofuata General Motors na Chrysler wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ford waliponea, na kwa modeli ya 2011 wakaja na F-150 yenye chaguo nne za injini. Orodha hii ndiyo iliyomzaa muuzaji anayemsumbua kaka yangu, kwa hiyo nitaisoma taratibu.

Ya chini kabisa, V6 ya lita 3.7, farasi 302. Ya juu kabisa, V8 ya lita 6.2, farasi 411. Katikati ndipo penye kesi. V8 ya lita 5.0 ilikuwa na farasi 360 na Newton-mita 515, ikizifikia kwenye mizunguko 4,250. V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, waliyoiita EcoBoost, ilikuwa na farasi 365 na Newton-mita 569, tena kwenye mizunguko 2,500 tu. Yaani injini ndogo yenye silinda pungufu mbili inaizidi kubwa kwa kila namba, na inavuta mapema kama ile sita ya zamani. Turbo kazi yake ni kutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa kuingia. Hewa ikiwa nyingi, mafuta yanachomwa mengi zaidi kwenye nafasi ndogo.

Ford walijua watu hawataamini. Wakachukua injini moja, wakaifunga kwenye F-150, wakaivutisha magogo Oregon, wakaikokotesha trela zito saa 24 mfululizo kwenye uwanja wa mashindano karibu na Miami, wakaipeleka mbio za jangwani za Baja 1000, halafu Januari 2011 wakaifungua mbele ya watu kwenye maonyesho ya magari Detroit. Ilikuwa mahubiri kwa wasioamini. Na yalifanya kazi. Mei 2011 zaidi ya nusu ya F-150 zilizouzwa zilikuwa za silinda sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1985.

Sasa tuwe wakweli. Vipimo vya serikali vya matumizi ya mafuta kwa zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma vilikuwa hivi: V6 ya turbo, kama kilomita 6.8 kwa lita mjini na 9.4 barabara kuu. V8 ya 5.0, kama 6.4 na 8.9. Ndiyo tofauti yote hiyo. Na ukifunga trela, turbo zinaanza kusukuma muda wote, injini inamimina mafuta ya ziada ili isipate joto kupita kiasi, na ule ubora wa karatasi unayeyuka. Inapoishinda V8 kwelikweli ni milimani. Denver iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, kama Iringa hivi, na pale hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Ya turbo inaongeza msukumo tu, inaendelea. Lakini kaka yangu yuko Houston, mji ulio tambarare kama sahani.

Halafu kuna unyevu. V6 zile za mwanzo zilikuwa na tatizo la maji kujikusanya kwenye kipoza hewa siku za unyevunyevu, dereva akikanyaga ghafla maji yanavutwa ndani, injini inakwama kwa sekunde kadhaa. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi juu ya jambo hilo. Na Houston, kwa unyevu, ni ndugu wa Dar es Salaam.

Nisije nikaonekana naipigia debe V8. Aprili 2025 General Motors waliita kiwandani magari karibu 600,000 ya Marekani pekee, pikapu na ndugu zake, yenye V8 ya lita 6.2, kwa kasoro za krenki na stiki zake. Mwaka mmoja kabla, Toyota waliita takriban 102,000, Tundra na Lexus, zenye V6 ya turbo mbili, kwa sababu ya mabaki ya vyuma yaliyobaki ndani ya injini wakati wa kuchongwa kiwandani. Sita imeharibika, nane imeharibika. Na Chevrolet wanauza pikapu kubwa yenye silinda nne na turbo, lita 2.7, inayovuta kwa Newton-mita 583 wakati V8 yao ya lita 5.3 inavuta kwa 519. Silinda nne! Henry Ford angesemaje?

Kituko cha mwisho ni cha Ram. Kwa modeli ya 2025 waliiondoa V8 yao ya Hemi ya lita 5.7 kwenye Ram 1500, wakaweka sita ya mstari ya lita 3.0 yenye turbo mbili. Farasi 420 dhidi ya 395 za Hemi, Newton-mita 636 dhidi ya 556. Wateja wakanuna. Juni 2025 kampuni ikatangaza kuwa Hemi inarudi kwa modeli ya 2026, na ubavuni wakaibandikia nembo waliyoiita alama ya maandamano. Mwezi uliofuata, Julai, ikasainiwa sheria iliyoifanya faini ya kushindwa kufikia wastani wa mafuta kuwa sifuri. Ile ile sheria ya 1975, imebaki kitabuni, imeng'olewa meno.

Nilimpigia kaka jana, nikamsomea haya yote, na mahesabu ya mafuta kwa mwaka niliyomfanyia. Nikamwambia: kwa kazi yako, kwa mji wako, na kwa kuwa zote ni za miaka ile ya mwanzo, chukua ya 5.0. Si kwa sababu ni V8. Ni kwa sababu haina turbo wala kipoza hewa, na siku ikiharibika fundi yeyote wa mtaani kwako ataifungua.

Akanyamaza kidogo. Kumbe alikuwa ameshalipa tangu juzi. Akatoka nje, nikasikia mlango, akawasha gari na kuisogeza simu nyuma kwenye ekzosi.

"Umesikia hiyo?"

Nilisikia, kaka.